Kasoro Iliyorekebishwa Usiku Bado Ilikuwa Kasoro

Februari 2023 Elon Musk, mkuu wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, alilalamika kwamba kuyahesabu masasisho ya programu yanayotumwa hewani kuwa ni kurejesha magari (recall), yaani kampuni kuyaita magari yenye kasoro yakatengenezwe, ni mambo ya kizamani, tena ni kosa tupu. Siku hizo Tesla ilikuwa imetangaza kurejesha magari 362,758 nchini Marekani kwa sababu ya programu yake ya kujiendesha, na hakuna hata moja lililorudi popote. Mwenye gari alilala, gari likavuta programu mpya kwa intaneti likiwa limeegeshwa nyumbani, asubuhi akaondoka nalo. Sasa kwa nini, wanauliza Musk na wanaomuunga mkono, jambo hilo liandikwe kwenye daftari moja na gari la breki mbovu ambalo lazima lipandishwe jeki?

Mimi naishi Mwanza, ambako Tesla ni kitu cha kuonyeshana kwenye simu. Magari yetu ni IST, Passo, Probox, Noah, Harrier kwa waliojaliwa, na Hiace zinazokimbizana kati ya Igoma na Kirumba. Mengi yametoka Japani yakiwa na umri wa mtoto wa sekondari, na ukiyawasha bado kuna sauti ya dada mmoja anayekumbusha kwa Kijapani kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Pamoja na hayo nina upande katika ubishi huu. Sasisho linaloondoa kasoro ya usalama lihesabiwe sawa na urejeshaji mwingine wowote, liandikwe na litangazwe, na sisi tunaonunua mkono wa pili na wa tatu tulidai kwa sauti kubwa kuliko mnunuzi wa kwanza wa California.

Wengi wakisikia kampuni inarejesha magari hufikiri habari yenyewe ni ile safari ya kwenda kwa wakala. Safari ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Marekani walianza na sheria ya usalama wa magari ya 1966, na kwa utaratibu wao wa leo kampuni ikishaamua kwamba gari lake lina kasoro ya usalama ina siku 5 za kazi kuiarifu mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA. Inaeleza kasoro ni ipi, iligundulikaje, iko kwenye magari mangapi na ya lini, inaweza kuleta madhara gani, na itaondolewaje. Wenye magari wanaandikiwa barua ndani ya siku 60. Matengenezo ni bure. Baada ya hapo kampuni inaendelea kuripoti kila robo mwaka ni magari mangapi yamekwisha kutengenezwa, na nyaraka hizo zinawekwa mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzisoma, hata aliyekaa kibarazani Nyegezi na bando la jero.

Katika orodha hiyo yote, sasisho la hewani linabadilisha kitu kimoja tu: namna ya kutengeneza. Linaharakisha, linapunguza gharama, linamwondolea mtu foleni. Kukiri, kueleza, kuhesabu na kufuatiliwa havipungui hata kidogo kwa sababu dawa imepita hewani.

Desemba 2023 Tesla ilirejesha zaidi ya magari milioni 2 nchini Marekani, karibu yote iliyokuwa imeuza huko, kwa sababu mfumo wake wa kumsaidia dereva, Autopilot, haukumbana dereva vya kutosha aendelee kuangalia barabara. Dawa ilikuwa programu. Kama ingekuwa kwa matakwa ya Musk, hadithi ingeishia hapo: sasisho limeshuka, maonyo yameongezwa, tuendelee na safari. Lakini kwa kuwa lilikuwa limeandikwa kama urejeshaji, Aprili 2024 NHTSA ilirudi na kufungua uchunguzi mpya wa kuuliza kama dawa yenyewe imefanya kazi. Magari yaliyokwisha kupata sasisho yalikuwa bado yanapata ajali, na mamlaka ikabaini kwamba sehemu ya marekebisho ilisubiri mwenye gari akubali kuiwasha, na kwamba dereva angeweza kuirudisha nyuma kirahisi. Swali hilo halina wa kuliuliza endapo hakuna aliyeandika kwamba kulikuwa na kasoro.

Miaka miwili kabla yake mamlaka hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuishtukia Tesla. Septemba 2021 kampuni ilituma sasisho la kusaidia magari yake kutambua taa za magari ya dharura gizani, baada ya NHTSA kuanza kuchunguza ajali ambamo Tesla ziligonga magari ya polisi na zimamoto yaliyosimama barabarani. Hapakuwa na tangazo la urejeshaji. Oktoba barua ikaenda kwao: mbona hamkutangaza? Mimi nauona huo kuwa wakati muhimu kuliko zile namba za mamilioni. Bila barua ile, kila kampuni duniani ingejifunza kwamba ukichunguzwa, dawa ni kurekebisha kimya kimya usiku na asubuhi kusema kosa gani tena.

Tabia ya kurekebisha kimya kimya haikuanza na intaneti. General Motors walikuwa na swichi ya ufunguo iliyokuwa nyepesi mno. Ukiigonga kwa goti, au ufunguo ukiwa na minyororo mizito, inageuka na kuzima injini barabarani, na mifuko ya hewa haifunguki ukigonga. Wakaibadilisha swichi hiyo kiwandani mwaka 2006 ikawa madhubuti, ila namba ya kipuri ikabaki ile ile. Matokeo yake waliochunguza ajali baadaye walikuta swichi mbovu na swichi nzima zikiwa na namba moja, wakababaika kwa miaka. Magari milioni 2.6 yalirejeshwa mwaka 2014, na mfuko wa fidia ulioundwa na kampuni ulikubali vifo 124. Watu wengine walikufa katika magari ya swichi ya zamani wakati nzuri ilikwisha kutengenezwa. Hapo ni chuma, kitu unachoweza kukishika na kukipima, na bado kilifichika. Mistari ya programu iliyobadilishwa saa nane usiku utaishika wapi?

Wapo wanaosema kasoro ya programu ni ndogo kuliko kasoro ya chuma. Mimi naona kinyume. Februari 2022 Tesla ilirejesha magari 53,822 kwa sababu programu yake ya majaribio iliruhusu gari kupita alama ya kusimama kwa mwendo wa kama kilomita 9 kwa saa bila kusimama. (Ndugu zangu wa daladala pale Buzuruga, najua mnacheka.) Katika gari hilo hakuna boliti iliyolegea wala mpira uliokauka. Mtu alikaa mezani akaandika kwamba gari livunje sheria, wakubwa wake wakapitisha, na magari yote hayo yakapokea amri. Kasoro ya chuma kwa kawaida huvizia gari moja moja. Ya programu inaingia kwenye kundi zima kwa siku moja, na ndiyo maana nataka iandikwe kwa wino mzito zaidi.

Tena programu inaweza kutumika kufunika chuma. Novemba 2020 General Motors hao hao walitangaza kurejesha magari ya umeme ya Chevrolet Bolt kwa sababu betri zilikuwa na hatari ya kuwaka moto. Dawa ya kwanza ilikuwa programu inayozuia betri isijae zaidi ya asilimia 90. Mwaka uliofuata magari mawili yaliyokwisha kupitia matengenezo ya awamu hiyo yakawaka. Kampuni ikalazimika kupanua urejeshaji hadi Bolt zote ilizowahi kutengeneza, kama 142,000, na kubadilisha betri zenyewe. Programu ilikuwa bandeji. Kasoro ilikuwa ndani ya seli za betri, zilizotoka kiwandani na hitilafu.

Angalia pia mwenye gari alivyopoteza kitu njiani. Alinunua gari la kwenda umbali fulani, programu ikamkatia sehemu ya umbali huo. Yeye aliambiwa kwa barua. Mnunuzi wa pili ataambiwa na nani? Magari ya umeme na ya mseto yameanza kuingia kwetu. Aqua na Prius tumezizoea, na Leaf nazo zimeanza kuonekana nchini. Mtu atakayenunua gari la umeme bandarini Dar es Salaam, alilete Mwanza kilomita zaidi ya elfu moja, ana haki ya kujua kama lilipunguzwa nguvu kwa programu, lini, na kwa sababu gani. Kwenye dashibodi hakutaandikwa. Kutakuwa na namba ya toleo la programu, ndefu, isiyosema lolote kwa mtu asiye wa kampuni.

Nimekaa sana gereji za Nyakato, maana gari la mtu wa kipato changu lina ratiba yake ya kwenda huko bila kuniuliza. Pale kuna mafundi hodari wa umeme wa magari, vijana wanaosoma kompyuta ya gari kwa kifaa kidogo kilichounganishwa na simu. Mteja mmoja alikuja na Noah yenye taa nyekundu ya mfuko wa hewa inayowaka muda wote. Fundi akapima, akamgeukia: "Bosi, hii taa ndiyo inakukera. Niizime?" Mteja akasema zima. Ikazimwa, wakalipana, gari likaondoka. Kabla ya kumlaumu kijana yule, jiulize mteja alikuwa na namna gani nyingine. Mfuko mpya wa hewa ni bei ya kuuza ng'ombe. Lakini atakayeinunua Noah ile mwaka kesho ataona dashibodi safi, atafurahi, na hatakuwa na karatasi hata moja ya kumwambia kwamba ikitokea ajali mfuko unaweza usifunguke.

Tena kwa mifuko ya hewa kuna lililo baya kuliko kutofunguka. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia ammonium nitrate kusukuma mifuko yake. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikirusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Marekani peke yake mifuko ya namna hiyo kama milioni 67 iliingia kwenye urejeshaji, mkubwa kuliko wote katika historia yao, na watu zaidi ya 25 wamekufa. Majimbo ya joto na unyevu kama Florida yalipewa kipaumbele, kwa sababu huko ndiko kemikali inaharibika haraka. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, wote walinunua mifuko kwake, na orodha ya magari yaliyohusika inafanana sana na maegesho ya soko lolote la hapa kwetu.

Japani waliona wenye magari wanachelewa, wakaamua kwamba tangu Mei 2018 gari lenye mfuko wa Takata ulio hatarini na usiobadilishwa lisipite ukaguzi wa lazima wa serikali. Uamuzi mzuri kwao. Lakini mimi mwenye akili ya mtu wa Mwanza najiuliza: gari ambalo halipiti ukaguzi, na mwenyewe hana hamu nalo tena, lina njia gani mbele yake? Kutengenezwa, kukatwa vipuri, au mnada. Na kwenye minada ile wanunuzi wetu wapo.

Hapo ndipo ninaposhika msimamo wangu kwa mikono miwili. Kwa gari la Takata walau kuna namba ya chasisi, na namba hiyo iko kwenye orodha ya hadharani. Barua ya kampuni haitafika Mwanza, lakini orodha inaweza kusomwa. Kwa gari la kesho, lililorekebishwa au lililotakiwa kurekebishwa kwa sasisho la hewani ambalo hakuna aliyelitangaza, hata orodha haitakuwepo. Mtoto akihamishwa kutoka Sengerema kuja Bugando, nesi anaomba kadi ya kliniki aone chanjo zipi amepata. Gari lisiwe na kadi?

Na msidhani sasisho lenyewe litatufikia. Gari hupokea programu kwa laini ya simu iliyofungwa ndani yake, kwa mkataba wa nchi lilikouzwa. Likipanda meli, kwa kawaida mkataba unabaki bandarini. Hata huko kwao laini hizo zinakufa: Machi 2022 kampuni ya simu ya KDDI ya Japani ilizima mtandao wake wa 3G, na huduma za magari zilizoutegemea zikanyamaza. Mwezi mmoja kabla yake AT&T ya Marekani ilizima 3G yake. Gari ambalo sasisho lilitolewa baada ya lenyewe kuuzwa nje litaendelea kuzunguka barabara ya Kenyatta na programu mbovu, na mwenye nalo hatajua kwamba kuna dawa, kwa kuwa hatajua kwamba kuna ugonjwa. Ile asilimia nzuri sana ya magari yaliyosasishwa, ambayo kampuni zinajivunia, huhesabiwa kwa magari yaliyo ndani ya mtandao. Sisi tuko nje ya hesabu.

Upande wa pili nao una hoja, nisiufanye wa wajinga. Urejeshaji wa gereji una aibu yake: magari mengi hayaletwi kabisa, watu hupuuza barua, gari linauzwa mara mbili na barua inamfuata mwenye kwanza. Sasisho la hewani linawafikia karibu wote kwa wiki chache, na kwa usalama wa barabarani hilo ni jambo kubwa mno. Pia ni kweli vichwa vya habari vinapotosha. "Tesla yarejesha magari milioni 2" inamfanya msomaji aone foleni ya magari mabovu. Februari 2024 ilirejesha tena milioni 2.2 kwa sababu maandishi ya baadhi ya taa za tahadhari kwenye skrini yalikuwa madogo kuliko kiwango cha kisheria. Herufi! Watu wakizoea matangazo ya namna hiyo, la betri inayowaka nalo watalipita bila kulisoma. Hapo nakubali. Tangazo liseme kwenye mstari wa kwanza kama gari linapaswa kupelekwa mahali au la, na hatari ipimwe kwa daraja. Kama kuna anayeona jina linatisha, abuni lingine. Mimi sina ugomvi na jina maadamu yaliyomo yamebaki.

Penye ugumu wa kweli ni mpaka kati ya kurekebisha na kuboresha. Mwaka 2018 jarida la Consumer Reports lilipima Model 3 ya Tesla likakuta inahitaji mita 46 kusimama ikitoka mwendo wa kilomita 96 kwa saa, umbali mrefu kwa gari la ukubwa ule. Tesla ikatuma sasisho, na kwenye kipimo kipya karibu mita 6 zikapungua, ndani ya siku chache, bila mtu kugusa spana. Je, huo ni urejeshaji? Gari halikuwa limevunja sheria. Nasita. Lakini mita 6 ni urefu wa Hiace na ziada, na ningetaka mnunuzi wa mkono wa pili ajue kama gari analotazama lilipata sasisho lile au halikupata. Ningeliandika, hata kama si chini ya kichwa kimoja na Takata.

Duniani hawajalala. Kanuni namba 156 ya Umoja wa Mataifa, iliyoanza kutumika Januari 2021, inamtaka mtengenezaji atunze kumbukumbu za kila sasisho na ajue kila gari lina toleo gani, na Ulaya imeifanya lazima kwa magari mapya yote tangu Julai 2024. Japani tangu 2020 inataka kibali kabla kampuni haijabadili programu ya aina hiyo kwenye magari yaliyokwisha kuuzwa. China iliihesabu dawa ya hewani kuwa urejeshaji tangu mapema: Juni 2021 Tesla zaidi ya 285,000 zilirejeshwa huko, na karibu zote zilitengenezwa kwa intaneti. Kasoro ya utaratibu wa kumbukumbu ni kwamba kabati lina kufuli. Mtengenezaji anajua, mamlaka yake inaweza kuuliza, mnunuzi wa Igoma hana mlango.

Kwetu ningeanza na kitu cha bei rahisi. TBS, shirika letu la viwango, inasimamia ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia: breki, taa, tairi, usukani. Iongeze dakika chache za kuingiza namba ya chasisi kwenye kurasa za utafutaji za watengenezaji, ichapishe majibu, iyabane pamoja na cheti. Gari lenye urejeshaji ambao haujatekelezwa lisizuiwe lazima, ila liandikwe hivyo, na bei ijadiliwe mwenye kujua akikaa na mwenye kujua. Tume ya Ushindani, FCC, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji, iwadai wauzaji waonyeshe karatasi hiyo kabla ya kupokea fedha. Ushuru wa uchakavu tunalipa gari likizidi miaka 8; basi walau tuambiwe kilichochakaa.

Wakati tunasubiri, chukua kadi ya gari lako. Namba ya chasisi ya magari ya Japani ina sehemu mbili zilizotengwa kwa kistari, kwa mfano IST za kwanza huanza na NCP60 au NCP61. Usipoteze muda kwenye ukurasa wa Wamarekani, ule unataka namba ya tarakimu na herufi 17. Nenda kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni iliyotengeneza gari, sehemu ya urejeshaji, ruhusu simu ikutafsirie, jaza sehemu ya kwanza kwenye kisanduku cha kwanza na ya pili kwenye cha pili. Ikitokea orodha, tazama hasa kama kuna mfuko wa hewa na kama imeandikwa kwamba haujatengenezwa. Piga picha ya skrini yenye tarehe, ipeleke kwa wakala wa kampuni hiyo hapa nchini, na omba jibu la maandishi.